Nywila, Namba ya Siri na Ada ya Chuo: Usalama wa Mwanafunzi Katika Mtandao

Kila mwaka, miezi ya Oktoba na Novemba inapoingia, stendi ya Misuna mjini Singida huwa na wasafiri ambao mtu huwatambua mara moja: vijana wenye masanduku mapya, godoro lililokunjwa na bahasha ya vyeti iliyokumbatiwa kifuani. Wengine wanakwenda Dodoma, wengine Dar es Salaam, Morogoro, Mbeya au Mwanza. Wengine hawasafiri mbali, kwa kuwa Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi hapo hapo Singida, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake mkoani. Nyuma ya kila mmoja wao ipo hesabu ya nyumbani: magunia ya alizeti yaliyouzwa Ikungi au Iramba, vitunguu vya Mkalama, asali ya Manyoni na Itigi, au kuku wa kienyeji waliopakiwa katika matenga kwenda Dar es Salaam.

Zamani fedha ya ada ilishonwa ndani ya nguo au ikakabidhiwa kwa ndugu mwaminifu aliyekuwa akisafiri. Siku hizi haisafiri na mwanafunzi. Humfuata kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine za simu zikafuata kwa huduma zao. Maombi ya mkopo yanayopelekwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hujazwa kwa kompyuta. Udahili, matokeo ya mitihani, namba ya malipo ya ada na ratiba ya masomo, vyote vimo katika mtandao. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anaishi katika nyumba mbili: bweni lenye mlango wa mbao na kufuli la chuma, na nyumba nyingine isiyoonekana ambayo kufuli lake ni nywila na namba ya siri. Ile ya kwanza alifundishwa kuifunga tangu utotoni. Ya pili, aghalabu, hakufundishwa na mtu.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kutumia hesabu za kawaida za sekondari, jinsi kufuli hilo la pili linavyofanya kazi, jinsi linavyofunguliwa na wasiostahili, na mambo ambayo mwanafunzi, mwalimu na mzazi wanaweza kuyafanya ili lisifunguliwe.

Mwizi asiyevunja mlango

Wengi hudhani kwamba mwizi wa mtandao ni bingwa wa kompyuta aketiye gizani akivunja mitambo. Watu wa namna hiyo wapo, lakini si hao wanaowaibia wanafunzi wengi. Mwizi wa kawaida havunji kitu. Anabisha hodi, na mwenye nyumba anamfungulia mwenyewe. Silaha zake ni tatu: taarifa chache za kweli, haraka, na hisia kali ya woga au tamaa.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi mmoja, tumwite Neema, amechaguliwa kujiunga na chuo. Kwa furaha anapiga picha barua yake ya udahili na kuiweka katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wapya, kundi lenye watu mia kadhaa ambao hawafahamu. Barua ina jina lake kamili, kozi na chuo. Siku nyingine anaandika katika kundi hilo hilo namba ya simu ya mama yake, kwa kuwa simu yake mwenyewe imeharibika. Hakuna kosa kubwa lililofanyika hadi hapo. Lakini baada ya wiki mbili mama yake, akiwa shambani Ikungi, anapigiwa simu.

"Shikamoo mama. Mimi ni mlezi wa wanafunzi chuoni kwao Neema. Mama, usishtuke. Mtoto ameanguka ghafla, tumemfikisha hospitali, na daktari anataka shilingi 150,000 za vipimo kabla hajaanza kumtibu. Tuma kwenye namba hii, na usimpigie mtoto, simu yake imezimika."

Ndugu msomaji, angalia muundo wa maneno hayo. Jina la mtoto ni la kweli, na chuo ni cha kweli. Hizo ndizo taarifa chache za kweli, nazo zimetoka kwa Neema mwenyewe. Kisha ipo hofu: mtoto anaumwa. Kisha ipo haraka: daktari anasubiri. Mwisho upo mlango uliofungwa kwa hila: usimpigie mtoto. Mwizi anajua kwamba simu moja ya nusu dakika kwa Neema ingeumaliza mchezo wote.

Mbinu nyingine ni ndugu za hiyo. Ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii" hupelekwa kwa maelfu ya watu bila kuchagua, kwa matumaini kwamba miongoni mwao yupo aliyekuwa karibu kumtumia mtu fedha siku hiyo. Ujumbe mwingine hujifanya taarifa ya muamala: umepokea shilingi elfu kadhaa, kisha mtu hupiga simu akilia kwamba amekosea namba na anaomba arudishiwe. Mpokeaji asiyetazama salio lake kwa menyu ya simu yake mwenyewe hurudisha fedha ambayo hakuipokea kamwe. Tena upo ujumbe wa msimu wa mikopo: "Jina lako limeondolewa katika orodha ya wanufaika, lipia shilingi 20,000 lirudishwe leo." Mwanafunzi anayengoja mkopo kwa wasiwasi huona hiyo 20,000 ni ndogo kuliko mwaka mzima wa masomo.

Umbali hauzuii lolote. Katika miaka ya 2023 na 2024 taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania zilitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro miongoni mwa iliyoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Mtu aliye huko humfikia mkulima wa Ikungi kwa sekunde ile ile anayomfikia jirani yake.

Hesabu ya nywila

Sasa tuingie katika sayansi ya kufuli lenyewe. Namba ya siri ya tarakimu nne ina nafasi nne, na kila nafasi yaweza kujazwa kwa tarakimu 10. Idadi ya namba zote ziwezekanazo ni 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Huduma za fedha za simu hufunga akaunti baada ya majaribio machache yenye makosa, kwa hiyo anayebahatisha ovyo ana nafasi ndogo sana.

Lakini watu hawachagui ovyo. Wengi huchagua siku na mwezi wa kuzaliwa. Siku za mwaka hazizidi 366, hivyo zile namba 10,000 zimepungua hadi 366. Wengine huchagua mwaka wa kuzaliwa. Mwizi anayejua kwamba mwenye simu ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukisia miaka mitano au sita tu, na tayari amekaribia.

Hapa liko jambo ambalo wengi hawalifikirii. Namba ya kitambulisho cha taifa itolewayo na NIDA ina tarakimu 20, na tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetoa nakala ya kitambulisho chake katika duka la steshenari, au aliyeituma picha yake kwa mtu aliyemwahidi kazi, amekwisha kumpa mtu huyo siku yake ya kuzaliwa. Ikiwa siku hiyo ndiyo namba yake ya siri, amempa na ufunguo.

Nywila ya kompyuta ni tofauti kidogo na namba ya siri ya simu, kwa sababu kuna wakati mwizi huweza kuijaribu mara nyingi bila kizuizi. Ili tuelewe, yafaa tujue jinsi nywila inavyohifadhiwa. Mtambo ulioundwa vizuri hauandiki nywila yako katika daftari lake. Huipitisha kwanza katika kanuni ya hisabati inayoivuruga, kisha huhifadhi kile kilichotoka. Mfano wake ni mashine ya kusaga mtama: punje huwa unga, lakini hakuna mashine iwezayo kuurudisha unga kuwa punje. Unapoandika nywila yako siku nyingine, mtambo huisaga upya na kulinganisha unga na unga.

Lakini mwizi aliyeiba ghala zima la unga anaweza kukaa kwake na kusaga kila neno analolifikiria hadi apate unga unaofanana. Pale nywila zilipohifadhiwa kwa kanuni dhaifu, kompyuta yenye vifaa vya nguvu huweza kujaribu nywila bilioni 10 kwa sekunde moja. Tuchukue kasi hiyo na tupige hesabu.

Kwanza, nywila ya herufi ndogo 8 zilizochaguliwa ovyo. Tukihesabu herufi 26, nywila ziwezekanazo ni 26 kwa kipeo cha 8, yaani takriban bilioni 209. Mashine yetu itazimaliza zote kwa sekunde 21.

Pili, nywila ya alama 8 zinazochanganya herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu. Alama ni 62, na 62 kwa kipeo cha 8 ni takriban bilioni 218,000. Mashine itatumia saa sita.

Tatu, nywila ya herufi ndogo 12 zilizochaguliwa ovyo. Hapa mashine itahitaji siku 110 hivi. Tazama: kuongeza herufi nne za kawaida kumeleta ulinzi mkubwa kuliko kuchanganya alama za kila namna. Urefu wa nywila una nguvu kuliko utata wake.

Nne, maneno matano yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 7,776. Idadi yake ni 7,776 kwa kipeo cha 5, na mashine ile ile itahitaji miaka 90. Nywila kama "tenga mvua kinyozi dafu reli" haina alama ya ajabu hata moja, na mtu huikariri kwa dakika chache. (Hiyo iliyochapishwa hapa usiitumie, ikisha kusomwa na wengi si siri tena.)

Neno la muhimu ni "bahati nasibu". Jina la mpenzi, timu ya mpira, au "Singida2024" huonekana ndefu, lakini wezi wana orodha za majina ya watu, miji na timu, na huanza na hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Kanuni ya mwisho kuhusu nywila ni kutotumia moja kila mahali. Hakuna mkulima mwenye ufunguo mmoja wa nyumba, ghala na sanduku la fedha, kisha akamwachia nakala kila mwenye duka. Mwanafunzi anayetumia nywila moja katika barua pepe, akaunti ya chuo na tovuti ya michezo ya kubahatisha ameyaweka masomo yake chini ya ulinzi wa ile iliyo dhaifu kuliko zote. Barua pepe hasa yahitaji nywila ya peke yake, kwa kuwa anayeishika huweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote.

Tarakimu sita zisizoazimwa

Kwa kuwa nywila huweza kuibwa, mitambo mingi ina hatua ya pili ya uthibitisho: tarakimu sita zinazotumwa kwa simu na kudumu kwa muda mfupi tu. Namba za tarakimu sita ziko 1,000,000, nayo inayotakiwa hubadilika kabla mtu hajamaliza kubahatisha. Ni ulinzi mzuri, na kila mwanafunzi hana budi kuuwasha katika barua pepe yake na WhatsApp yake.

Kwa sababu ulinzi huo ni mgumu kuuvunja, mwizi hauvunji, anauomba. Rafiki anakuandikia: "Samahani, nimetuma namba kwako kwa bahati mbaya, nirudishie." Aliyeandika si rafiki, bali ni mtu aliyekwisha kuiteka akaunti ya rafiki huyo, naye sasa anaitaka yako. Ukimpa tarakimu hizo, baada ya dakika chache watu wote walio katika simu yako, pamoja na mjomba na mchungaji au shehe wako, wataombwa fedha kwa jina lako. Tarakimu zilizokuja katika simu yako ni zako. Mfanyakazi wa benki, wa kampuni ya simu au wa chuo hana haja nazo.

Ulinzi huo unategemea laini ya simu, na laini inategemea kidole chako. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza rasmi Mei 2019, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Faida yake ni kwamba kila laini ina mwenyewe. Hatari yake ni kwamba laini yoyote iliyosajiliwa kwa kidole chako ni yako mbele ya sheria, hata kama hujapata kuiona. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja, "Bonyeza tena, haijashika," na kwa kubonyeza mara ya pili laini nyingine husajiliwa. Wako pia vijana wanaokubali kusajili laini za watu wasiowajua kwa kulipwa elfu mbili au tatu. Namba hizo ndizo zinazotumika kesho kumpigia mama wa Ikungi. Ili kujua laini ngapi ziko kwa jina lako, piga *106# na ufuate maelekezo. Ni jambo la dakika moja, nalo laweza kumwokoa mtu na mahabusu.

Jinsi ya kusoma anwani

Ujumbe mwingi wa hila una kiungo cha kubonyeza. Kiungo hukupeleka kwenye ukurasa unaofanana na wa chuo au wa Bodi ya Mikopo, wenye nembo na rangi zile zile, nao hukuomba jina na nywila. Kunakili nembo ni kazi ya dakika chache. Kisichoweza kunakiliwa ni anwani, mradi msomaji ajue kuisoma.

Anwani ya tovuti husomwa kinyume na desturi yetu: kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia pale penye mkwaju wa kwanza baada ya jina. Anwani za Serikali ya Tanzania huishia na go.tz, na za vyuo huishia na ac.tz. Miishio hiyo haiuzwi kwa kila ajaye. Sasa tazama anwani hii ya mfano: mikopo.go.tz.fomu-haraka.com. Msomaji mwenye haraka huona "go.tz" na kutulia. Lakini tukianza kulia tunakutana na "com", kisha "fomu-haraka". Huyo ndiye mwenye nyumba; maneno yote yaliyo kushoto kwake ni mapambo aliyojiandikia mwenyewe mlangoni. Njia iliyo salama zaidi ni kutobonyeza kabisa: andika mwenyewe anwani unayoijua, kisha uingie.

Alama ya kufuli iliyo kando ya anwani nayo hueleweka vibaya. Inaonyesha kwamba maneno yanayosafiri kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefumbwa, asiweze mtu wa njiani kuyasoma. Haisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Mtu aweza kuzungumza kwa siri kabisa na mwizi.

Katika maduka ya steshenari yaliyoko nje ya kila chuo iko hatari nyingine, ya kawaida mno hata haitajwi. Mwanafunzi hufungua barua pepe au WhatsApp yake katika kompyuta ya duka ili achapishe kazi ya darasa, kisha huondoka bila kuifunga. Atakayeketi baada yake hana haja ya nywila. Afadhali kutuma kazi hiyo kwa anwani ya duka, au kuhakikisha kwa macho yako kwamba umetoka.

Mikopo ya dakika tano na hesabu ya upatu

Njaa ya katikati ya muhula ina soko lake. Programu za mikopo ya haraka humwomba mwombaji ruhusa ya kusoma orodha yote ya majina yaliyo katika simu yake, naye hubonyeza "kubali" bila kusoma. Akichelewa kulipa, wahadhiri, wazazi na wanafunzi wenzake hupokea ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kukopa, mwanafunzi na aulize kama mkopeshaji ana leseni, na aulize pia: kwa nini anayekukopesha fedha anahitaji namba ya simu ya bibi yako?

Dada wa mikopo hiyo ni upatu wa mtandaoni, unaoahidi faida kwa kila anayeleta wenzake. Watanzania wanaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Vazi limebadilika, lakini hesabu ni ile ile ya mfululizo wa kuzidisha ifundishwayo sekondari. Tuseme kila anayejiunga lazima alete watu watano. Ngazi ya kwanza ina watu 5, ya pili 25, ya tatu 125. Ngazi ya tisa itahitaji watu 1,953,125. Kwa sensa ya 2022 mkoa mzima wa Singida, pamoja na wazee na watoto wachanga, una watu 2,008,058. Tukijumlisha ngazi zote tisa, jumla inauzidi mkoa. Tena, wa ngazi ya mwisho, ambao hawana wa kumleta, ni wanne katika kila watano waliojiunga. Hao wanne ndio waliomlipa yule mmoja.

Picha na heshima ya mtu

Lipo jambo ambalo vijana huona haya kulisema, na kwa sababu ya ukimya huo huwaumiza zaidi. Mtu hujenga urafiki na mwanafunzi kwa njia ya mtandao, huomba picha za faragha, kisha hugeuka na kudai fedha, la sivyo atazisambaza. Picha ikisha kutumwa hairudi. Kinga ya kwanza, basi, ni kutoituma, hata kwa unayempenda, maana simu yake nayo yaweza kuibwa.

Aliyekwisha kufikwa na jambo hili asilipe. Malipo ya kwanza humthibitishia mdai kwamba mlango huu hutoa, naye hurudi. Asifute mazungumzo, kwa kuwa ndiyo ushahidi. Ayahifadhi, azuie mawasiliano, na amwendee mtu mzima anayemwamini: mlezi wa wanafunzi, mzazi, dada au kaka, na polisi. Mwalimu au mzazi anayemsikiliza kijana huyo, naye, aanze kwa kumsaidia. Lawama zaweza kungoja. Nguvu yote ya mdai imo katika woga wa kijana kwamba akisema atafukuzwa nyumbani. Nyumba ikimpokea, mdai anabaki mikono mitupu.

Sheria inasemaje

Mei 2000 programu haribifu iliyoitwa ILOVEYOU ilitoka Manila, Ufilipino, na kuingia katika mamilioni ya kompyuta duniani. Aliyeshukiwa alikuwa kijana aliyesomea kompyuta chuoni. Mashtaka yalifutwa kwa kuwa nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo. Tanzania haimo katika hali hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Inakataza kuingia katika mtambo wa mtu bila idhini, kudanganya kwa njia ya kompyuta, kujifanya mtu mwingine, na kumwonea mtu mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imempa kila mtu haki juu ya taarifa zake na kuziwekea masharti taasisi zinazozikusanya.

Sheria hiyo ya mwaka 2015 inamlinda mwanafunzi, na pia inambana. Anayefungua akaunti ya mwenzake "kwa mzaha", au anayesambaza picha aliyotumiwa na wengine, hasamehewi kwa kuwa ni kijana. Mwaka 1988 Robert Morris, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachia programu ya majaribio iliyozilemaza maelfu ya kompyuta. Mwaka 1990 alitiwa hatiani.

Makubaliano ya nyumbani

Tumrudie yule mama wa Ikungi. Hana simu janja, na hana barua pepe. Hakuna nywila ndefu ya Neema itakayomlinda. Hata hivyo ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko bintiye, maana fedha iko kwake na mapenzi yako kwake. Na mitambo ya leo inaweza kuiga hata sauti ya mtu kutokana na sekunde chache za sauti yake. Kwa hiyo "nimeisikia sauti ya mwanangu" si ushahidi kamili tena.

Ulinzi wa familia hii hauhitaji mtambo. Unahitaji makubaliano yafanywayo jioni moja kabla ya safari, nayo ni manne:

1. Fedha ya dharura haitumwi kabla ya kupiga simu kwa namba ambayo familia iliijua tangu awali. Namba iliyotajwa na mpigaji haitumiki.

2. Familia ichague neno moja la siri, la lugha ya nyumbani, lisiloandikwa popote. Anayedai kuwa mtoto, naye hajui neno hilo, si mtoto.

3. Mama awe na namba mbili za watu wa chuoni: rafiki wa karibu wa mtoto, na ofisi ya mlezi wa wanafunzi.

4. Aliyekwisha kutuma fedha kimakosa asione haya. Apige mara hiyo hiyo huduma kwa wateja ya kampuni yake ya simu, kwa kuwa muamala huweza kuzuiwa ikiwa fedha haijatolewa. Kisha atoe taarifa polisi. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vipelekwe kwa namba 15040.

Mwalimu wa sekondari ana nafasi ambayo sisi tufundishao vyuoni hatuna: anawapata vijana kabla ya safari, wakiwa bado karibu na wazazi wao.

Kazi ya darasani

1. Kila mwanafunzi aorodheshe maneno 36 ya Kiswahili na kuyapanga katika safu sita za maneno sita. Arushe dadu mara mbili kwa kila neno, mara ya kwanza kwa safu na ya pili kwa nafasi, hadi apate maneno matano. Nywila ziwezekanazo ni ngapi? Mashine ya kujaribu bilioni 10 kwa sekunde itazimaliza kwa muda gani? Jibu linatufundisha nini kuhusu ukubwa wa orodha?

2. Upatu unamtaka kila mtu alete wenzake watatu. Ni ngazi ya ngapi ambayo peke yake itauzidi mkoa wa Singida?

3. Kila mwanafunzi amweleze mzazi au mlezi wake makubaliano manne yaliyotajwa hapo juu, kisha aeleze darasani mzazi aliuliza maswali gani.